Pacha na Mlezi Wake: Historia ya Pacha wa Kidijitali katika Usimamizi wa Ujenzi wa Majengo, 1963–2024

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya pacha wa kidijitali katika usimamizi wa miradi ya ujenzi wa majengo, kuanzia majaribio ya kwanza ya kuchora kwa kompyuta nchini Marekani mwaka 1963 hadi ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa moto wa jengo la Grenfell Tower, London, mwaka 2024. Maandishi mengi huieleza historia hiyo kama mfululizo wa maendeleo ya kiufundi: mchoro ulizaa modeli, na modeli ikazaa pacha. Insha inadai kwamba maelezo hayo hayatoshi. Ufundi wa kutengeneza taswira ya jengo ulipatikana mapema. Kilichochelewa ni jibu la swali la nani ana wajibu wa kuhakikisha kwamba taswira hiyo inaendelea kufanana na jengo lenyewe. Nchini Uingereza, jibu la kisheria lilipatikana baada ya vifo vya watu 72.

1.0 Utangulizi

Pacha wa kidijitali ni taswira ya kitu halisi iliyomo ndani ya kompyuta, ambayo imeunganishwa na kitu hicho kwa mtiririko wa data ili mabadiliko ya upande mmoja yajulikane upande wa pili. Muunganisho huo ndio unaomtofautisha pacha na picha. Mwaka 2018, Werner Kritzinger na wenzake, wakichambua maandishi yanayohusu viwanda, walipendekeza ngazi tatu ambazo watafiti wengi wamezichukua. Katika ngazi ya kwanza, yaani modeli, data huingizwa kwa mkono. Katika ngazi ya pili, yaani kivuli, data hutiririka yenyewe kutoka kwenye kitu kwenda kwenye taswira. Katika ngazi ya tatu, yaani pacha kamili, data hutiririka pande zote mbili, na taswira inaweza kukiongoza kitu. Kwa kipimo hicho, mengi yanayoitwa mapacha katika sekta ya ujenzi ni modeli au vivuli.

Ujenzi wa majengo una tatizo lake ambalo kiwanda hakina. Katika sehemu nyingi za Tanzania, watoto pacha huitwa Kulwa na Doto. Kulwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na Doto akamfuata. Kwa mashine iliyokwisha kuundwa, kitu halisi ndicho Kulwa, na taswira yake ya kompyuta ni Doto. Kwa jengo, mpangilio hugeuka. Taswira hutangulia kwenye meza ya mbunifu majengo, na jengo huja nyuma, likiwa na wajibu wa kufanana nayo. Siku jengo linapokabidhiwa kwa mwenyewe, mpangilio hugeuka tena: sasa jengo ndilo ukweli, na taswira ndiyo inayopaswa kulifuata katika kila ukarabati, kila mlango unaobadilishwa na kila ukuta unaovunjwa. Mgeuko huo wa pili ndio ambao sekta ya ujenzi haikujiandaa nao kwa muda mrefu.

Insha inaanzia Marekani, ambako wazo na jina vilizaliwa, kisha inakaa Uingereza. Nchi hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Serikali yake iliamuru matumizi ya modeli za taarifa katika miradi yake, na baadaye Bunge lake lilitunga sheria inayomtaja mtu anayewajibika kwa taarifa za jengo. Kati ya hatua hizo mbili kulitokea janga linaloonyesha kwa nini amri ya kwanza haikutosha.

2.0 Chombo cha Anga na Kiwanda: Asili ya Jina

Simulizi ya pacha wa kidijitali huanzia mara nyingi katika safari ya Apollo 13. Chombo hicho kilirushwa tarehe 11 Aprili 1970. Siku mbili baadaye, kikiwa umbali wa zaidi ya kilomita 300,000 kutoka duniani, tangi moja la oksijeni lililipuka. Wanaanga watatu, James Lovell, Jack Swigert na Fred Haise, walilazimika kujihifadhi katika chombo cha kutua mwezini, ambacho hakikukusudiwa kubeba watu watatu kwa siku zote hizo. Duniani, wahandisi walitumia viigizi, yaani vyumba vya mazoezi vilivyojengwa kwa mfano wa chombo chenyewe, kujaribu kila hatua kabla ya kuisoma kwa redio. Utaratibu wa kuwasha tena chombo kikuu kwa umeme kidogo uliobaki ulijaribiwa humo. Namna ya kuunganisha vichujio vya hewa vya umbo la mraba kwenye mfumo wa vichujio vya mviringo ilibuniwa kwa kutumia vitu vilevile ambavyo wanaanga walikuwa navyo. Tarehe 17 Aprili wanaanga walitua salama baharini.

Mwanahistoria anapaswa kuwa mwangalifu na simulizi hii. Mwaka 1970 hakuna aliyeviita viigizi hivyo mapacha wa kidijitali. Ukoo huo umeandikwa nyuma na watu wa baadaye. Mwaka 1991, David Gelernter wa Chuo Kikuu cha Yale alichapisha kitabu kilichotabiri programu za kompyuta zitakazouakisi ulimwengu kama kioo. Mwaka 2002, Michael Grieves, katika wasilisho lililofanyika Chuo Kikuu cha Michigan kuhusu usimamizi wa maisha ya bidhaa, alieleza mfumo wenye sehemu tatu: kitu halisi, kitu cha kompyuta, na kiungo cha taarifa kati yao. Jina lenyewe lilikuja baadaye. Grieves amelihusisha na John Vickers wa NASA, na shirika hilo lililitumia katika mpango wake wa teknolojia wa mwaka 2010.

Hata hivyo, mfano wa Apollo 13 una funzo ambalo wanaousimulia hulipita haraka. Viigizi vilifaa kwa sababu viliwekwa sawa na hali halisi ya chombo, saa baada ya saa, kwa taarifa zilizotoka angani. Kazi hiyo ilikuwa na mwenyewe. NASA ilikuwa ndiyo mmiliki wa chombo, msimamizi wa safari na mtunzaji wa viigizi. Hapakuwa na siku ambayo ilikikabidhi chombo kwa mtu mwingine na kuondoka na michoro. Hali hiyo hiyo, kwa kiasi, ipo katika kiwanda cha injini za ndege, ambacho huiuza injini na kuendelea kuihudumia kwa miaka mingi. Pacha alizaliwa katika nyumba yenye mlezi. Alipopelekwa kwenye ujenzi wa majengo, alikuta nyumba ambayo wakazi wake huhama kila hatua ya kazi.

3.0 Kutoka Mchoro hadi Modeli

Sekta ya ujenzi ilikuwa na ukoo wake wa fikra, na ukoo huo ni wa zamani kuliko jina la pacha. Mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Mtumiaji alichora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Jambo kubwa zaidi lilifichika ndani yake: umbo moja la asili liliweza kurudiwa mara nyingi katika mchoro, na lilipobadilishwa, marudio yake yote yalibadilika. Kwa mara ya kwanza mchoro ulijua umeundwa na nini.

Charles Eastman, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, ndiye aliyelileta wazo hilo kwenye majengo. Katika ripoti ya mwaka 1974 na makala ya mwaka 1975 alieleza mfumo wa kuelezea jengo kwa kompyuta badala ya michoro. Hoja yake ilitoka katika adha ambayo kila mkandarasi anaifahamu. Nguzo moja huchorwa katika ramani ya sakafu, katika mkato, katika mchoro wa mbele na katika mchoro wa mhandisi. Mbunifu akiihamisha nguzo, lazima arekebishe kote. Asipofanya hivyo, michoro huanza kupingana, na fundi aliye juu ya jukwaa hujikuta akichagua mchoro wa kuuamini. Eastman alipendekeza nguzo hiyo iwekwe mara moja katika hifadhidata, na michoro yote itolewe humo pamoja na orodha za vifaa na makadirio ya gharama.

Wazo lilikuwa kamili kuliko mashine za wakati wake. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Graphisoft ya Budapest ilileta ArchiCAD kwenye kompyuta ndogo za ofisini. Mwaka 1992, watafiti wa Uholanzi G. A. van Nederveen na F. P. Tolman walitumia katika makala yao istilahi ya modeli ya taarifa za jengo. Mwaka 2000 ilitoka programu ya Revit, iliyonunuliwa na Autodesk mwaka 2002. Wakati huohuo, muungano wa kimataifa ambao leo unaitwa buildingSMART ulikuwa ukiunda lugha ya pamoja ya kubadilishana modeli, iliyokuja kukubaliwa kama kiwango cha kimataifa ISO 16739 mwaka 2013. Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 21, vifaa vya kutimiza ndoto ya Eastman vilikuwepo madukani.

Kilichokosekana kilikuwa nje ya kompyuta. Nchini Uingereza, ripoti ya Sir Michael Latham ya mwaka 1994 na ile ya Sir John Egan ya mwaka 1998 zilieleza sekta iliyogawanyika: mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi, mkandarasi na wakandarasi wadogo, kila mmoja akiwa na mkataba wake, faida yake ndogo na hofu yake ya kushitakiwa. Latham aliona kwamba ushirikiano ungeweza kuokoa hadi asilimia 30 ya gharama. Egan alitaka gharama na muda wa ujenzi vipungue kwa asilimia 10 kila mwaka. Katika mazingira hayo, taarifa ilikuwa silaha ya kujikinga. Mbunifu hakuona sababu ya kumpa mkandarasi modeli yake, kwa kuwa kosa lililomo lingerudi kwake kama madai. Alimpa karatasi, na mkandarasi akatengeneza modeli upya kwa gharama yake. Hifadhidata moja ya Eastman ikawa hifadhidata tano zisizofahamiana.

4.0 Amri ya Serikali, 2011–2016

Serikali ya Uingereza iliingia katika suala hili ikiwa mteja mkubwa mwenye mfuko uliopungua baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008. Mkakati wake wa ujenzi wa Mei 2011, uliosimamiwa na mshauri wake mkuu wa ujenzi Paul Morrell, ulilenga kupunguza gharama za miradi ya umma kwa hadi asilimia 20. Miongoni mwa njia zake ulikuwa sharti kwamba, ifikapo mwaka 2016, miradi ya serikali kuu itumie modeli za taarifa za pande tatu kwa ushirikiano, na nyaraka zote ziwe za kielektroniki. Sharti hilo lilianza kufanya kazi Aprili 2016. Kanuni zake zilikuja kuwa msingi wa kiwango cha kimataifa ISO 19650, ambacho sehemu zake za kwanza zilitolewa mwishoni mwa mwaka 2018.

Mafanikio ya amri hiyo hayapaswi kudharauliwa. Iliwalazimisha wahusika kukubaliana mapema kuhusu taarifa gani itatolewa, na nani, na lini. Lakini ilikuwa na mipaka miwili. Kwanza, ilimhusu mnunuzi wa jengo kuliko mkaaji wake. Nguvu yake iliishia karibu na siku ya makabidhiano. Pili, ilihusu miradi iliyoagizwa na serikali kuu. Ukarabati wa nyumba za kupanga zilizo chini ya halmashauri haukuwa ndani ya sharti hilo.

5.0 Pacha Kazini: Zege, Leza na Reli Mbili

Ili kuelewa kilichowezekana na kisichowezekana, inafaa kutazama kazi ya pacha katika eneo la ujenzi. Mfano ulio wazi ni wa zege. Zege lililomwagwa leo haliwezi kubeba mzigo leo, na msimamizi lazima aamue siku ya kuondoa mbao zinazolishikilia. Akiharakisha, sakafu inaweza kuanguka. Akichelewa, kazi yote ya ghorofa ya juu husimama. Mwaka 1949 R. W. Nurse, na mwaka 1951 A. G. A. Saul, wote wa Uingereza, walionyesha kwamba uimara wa zege unaweza kukadiriwa kwa kuhesabu pamoja joto lake na muda uliopita. Leo kihisi kidogo kilichozikwa ndani ya zege hupima joto na kulituma kwenye modeli, ambayo hukadiria uimara na kuonyesha sehemu zilizo tayari. Hesabu ni ileile ya miaka ya 1950. Jipya ni kwamba jengo lenyewe ndilo linaloleta namba zake.

Vivyo hivyo, skana ya leza hupita katika ghorofa na kupima mamilioni ya nukta za kuta, mabomba na boriti. Kompyuta huzilinganisha na modeli na kuonyesha bomba lililopita mahali pasipo pake kabla halijafunikwa na dari. Modeli ikiunganishwa na ratiba, msimamizi huona kilichopaswa kukamilika kando ya kilichokamilika. Katika ngazi hii pacha ni shahidi. Anasema kilichofanyika, tofauti na ripoti ya maendeleo inayoandikwa na mtu ambaye malipo yake yanategemea maendeleo hayo.

Mradi wa Crossrail, uliojenga reli ya Elizabeth chini ya London, ulikuwa uwanja mkubwa wa majaribio ya fikra hizi. Ujenzi ulianza mwaka 2009; kilomita 42 za mahandaki zilichimbwa kati ya mwaka 2012 na 2015, na vituo vipya vikajengwa chini ya mji uliojaa misingi ya majengo ya zamani. Wahusika walisema kwamba walikuwa wakijenga reli mbili, moja ya zege na chuma na nyingine ya data. Hata hivyo, Agosti 2018, miezi minne kabla ya siku iliyotangazwa ya ufunguzi, ilielezwa kwamba reli haitakuwa tayari. Ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022, na gharama ilipanda kutoka pauni bilioni 14.8 hadi karibu bilioni 19.

Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, katika ripoti yake ya Mei 2019, ilieleza mradi uliokuwa na mikataba mikuu 36 na kampuni simamizi iliyoing'ang'ania tarehe ya Desemba 2018 bila mpango wa kina wa kutosha ambao maendeleo yangepimwa dhidi yake. Jambo hili lina uzito katika hoja ya insha hii. Mradi ulijua kwa usahihi mkubwa mahali kila handaki lilipopita, lakini haukuwa na picha moja ya kuaminika ya kazi iliyobaki ndani ya vituo, hasa uunganishaji wa mifumo ya umeme, mawasiliano na treni. Taswira ya umbo ilikuwepo. Taswira ya hali halisi ya kazi haikuwa na mtu mmoja wa kuibeba na kuisema, hata pale ukweli ulipokuwa mchungu.

6.0 Grenfell Tower: Jengo Lisilo na Taarifa Zake

Kuchelewa kwa reli hulipwa kwa fedha. Tarehe 14 Juni 2017 gharama ilikuwa ya aina nyingine. Kabla ya saa saba usiku, moto ulianza katika jiko la nyumba moja ya Grenfell Tower, jengo la ghorofa 24 huko North Kensington, London. Moto ulitoka dirishani, ukashika vibao vya alumini vyenye kiini cha polithilini vilivyofunika kuta za nje, na kupanda hadi juu. Watu 72 walipoteza maisha.

Jengo hilo lilikamilika mwaka 1974, mwaka uleule wa ripoti ya Eastman. Lilikuwa la zege, na kwa miaka 40 kuta zake za nje hazikuwa na kitu cha kuwaka. Ukarabati uliokamilika mwaka 2016 ulilibadilisha: kuta zilivikwa vizuia joto na vibao vipya, na madirisha yakabadilishwa. Kwa lugha ya insha hii, jengo lilibadilika na kuwa jengo jingine, ilhali kumbukumbu zake zilibaki za jengo la awali.

Ripoti ya awamu ya kwanza ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Martin Moore-Bick, iliyotolewa Oktoba 2019, ilithibitisha hilo kwa uwazi. Kumbukumbu za jengo zilizokuwa katika hifadhidata ya kikosi cha zimamoto hazikuwa na msaada wowote wa maana kwa kamanda wa eneo la tukio. Nyingi zilikuwa zimepitwa na wakati kwa miaka mingi na hazikuonyesha mabadiliko ya ukarabati. Hapakuwa na ramani za ghorofa ambazo makamanda wangezitumia usiku ule. Katika mapendekezo yake, Moore-Bick alitaka sheria imlazimishe mmiliki wa kila jengo refu la makazi kukipa kikosi cha zimamoto ramani za kila ghorofa zilizo sahihi kwa wakati, katika karatasi na kwa njia ya kielektroniki, na kuhifadhi nakala ndani ya jengo.

Pendekezo hilo linashangaza kwa udogo wake. Halikutaka vihisi wala akili ya mashine. Lilitaka ramani iliyo sahihi. Zaidi ya nusu karne baada ya Sketchpad, katika mji mkuu wa nchi iliyojivunia uongozi wa modeli za taarifa duniani, watu waliingia katika jengo linalowaka bila kuwa na mchoro wake.

7.0 Uzi wa Dhahabu na Wajibu wa Kisheria

Serikali ilimteua Dame Judith Hackitt, mhandisi na mwenyekiti wa zamani wa taasisi ya taifa ya afya na usalama kazini, kupitia upya kanuni za majengo na usalama wa moto. Ripoti yake ya mwisho ya Mei 2018 ilieleza mfumo ambao ndani yake haikujulikana nani anawajibika kwa nini. Miongoni mwa tiba alizopendekeza ni kile alichokiita uzi wa dhahabu wa taarifa: kumbukumbu ya kidijitali ya jengo inayoanza wakati wa usanifu, ikapita katika ujenzi, na kuendelea bila kukatika kwa maisha yote ya jengo.

Wakati huohuo, mkondo mwingine ulikuwa ukitiririka. Desemba 2017, Tume ya Taifa ya Miundombinu ilipendekeza kuwepo kwa pacha wa kidijitali wa taifa. Desemba 2018, kituo cha utafiti cha Centre for Digital Built Britain kilichokuwa Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa Kanuni za Gemini, jina la Kilatini lenye maana ya mapacha. Kanuni hizo tisa zilipangwa chini ya mambo matatu: pacha awe na kusudi la wazi, aaminike, na afanye kazi ipasavyo. Zilisisitiza kwamba muunganisho na kitu halisi ndio unaomtofautisha pacha na modeli nyingine yoyote. Kituo hicho kilifunga kazi zake mwaka 2022, na kanuni zake zilibaki kuwa mwongozo wa hiari.

Mwaka huohuo wa 2022, mkondo wa Hackitt ulifika bungeni. Sheria ya Usalama wa Majengo, iliyoidhinishwa tarehe 28 Aprili 2022, inahusu kwa namna ya pekee majengo ya makazi yenye urefu wa angalau mita 18 au ghorofa 7. Jengo la namna hiyo hupita katika malango matatu: wakati wa kuomba kibali cha mipango miji, kabla ya ujenzi kuanza, na kabla ya watu kuhamia. Katika lango la mwisho, mjenzi lazima athibitishe kwamba kilichojengwa ndicho kinachoelezwa na nyaraka. Baada ya hapo, mtu mwenye wajibu, anayetajwa na sheria, hubeba jukumu la kutunza uzi wa dhahabu kwa njia ya kidijitali na kuusahihisha jengo linapobadilika. Kanuni nyingine, zilizoanza Januari 2023, ziliwataka wamiliki wa majengo marefu kukipa kikosi cha zimamoto ramani za ghorofa kwa njia ya kielektroniki pamoja na maelezo ya kuta za nje.

Tofauti kati ya amri ya 2011 na sheria ya 2022 ndiyo kiini cha historia hii. Amri ya 2011 iliuliza taarifa itengenezweje ili jengo ligharimu kidogo. Sheria ya 2022 iliuliza taarifa itunzwe na nani ili watu wasife. Haikutumia jina la pacha, na kwa kipimo cha Kritzinger uzi wa dhahabu unaweza kubaki modeli inayojazwa kwa mkono. Lakini ilimpa taswira ya jengo kitu ambacho programu haikuweza kumpa: mlezi anayejulikana kwa jina, anayeweza kuulizwa mahakamani.

8.0 Mipaka ya Hoja

Mtu anaweza kudai kwamba, kama Grenfell Tower ingekuwa na pacha, maafa yangeepukwa. Ushahidi hauruhusu dai hilo. Ripoti ya awamu ya pili, iliyotolewa tarehe 4 Septemba 2024, ilihitimisha kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa, na ikaeleza udanganyifu wa makusudi wa baadhi ya watengenezaji wa vifaa vya ukuta kuhusu majaribio ya moto, pamoja na udhaifu wa muda mrefu wa serikali na wadhibiti. Pacha aliyelishwa cheti cha uongo angeuonyesha uongo huo kwa rangi nzuri na kwa pande tatu. Uaminifu wa taswira hauwezi kuzidi uaminifu wa wanaoilisha.

Pia ipo hatari ya upande wa pili. Mlezi aliyelazimishwa na sheria anaweza kujaza nyaraka ili kutimiza sharti, akizalisha mafaili mengi ambayo kamanda wa zimamoto hawezi kuyasoma katika dakika tano za kwanza. Wingi wa data si ujuzi wa jengo. Kwa sababu hiyo, sharti la Kanuni za Gemini kwamba pacha awe na kusudi la wazi linabaki na maana hata mahali ambapo sheria imekwisha kusema.

9.0 Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha mikondo miwili iliyokutana kwa kuchelewa. Mkondo wa ufundi ulitoka kwa Sutherland na Eastman, ukapita katika modeli za taarifa, ukakutana na wazo la Grieves na kuchukua jina kutoka NASA. Mkondo wa wajibu ulitoka katika malalamiko ya Latham na Egan kuhusu sekta iliyogawanyika, ukapita katika ripoti ya Hackitt, na kufika katika sheria ya mwaka 2022. Mkondo wa kwanza ulikuwa na kasi na ulisifiwa. Wa pili ulisubiri msiba.

Kwa usimamizi wa miradi ya ujenzi, matokeo ya uchunguzi huu yako wazi. Swali la kwanza la mradi unaotaka pacha wa kidijitali linapaswa kutangulia ununuzi wa programu, skana na vihisi: siku jengo litakapobadilika, ni nani atakayeibadilisha taswira yake, kwa fedha za nani, na ataulizwa na nani asipofanya hivyo? Mradi wa Apollo ulikuwa na jibu kabla ya kuwa na jina la pacha. Grenfell Tower ilikaa miaka 43 bila jibu. Doto hujifunza kwa kumtazama Kulwa. Lakini pasipokuwa na mtu wa kuwalea pamoja, pacha hukua kila mmoja kivyake, na siku wanapokutana hawatambuani.